Viwanja vya Mabilioni na Maboma Yasiyoezekwa

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake na wote walioshika njia yao kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilitangaza kuwa Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tangu siku hiyo furaha na shaka vimekuwa vikitembea bega kwa bega katika nchi yetu. Furaha, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya nchi hizi tatu iliyopata kuandaa fainali hizo. Shaka, kwa kuwa viwanja havijengwi kwa nyimbo, vinajengwa kwa fedha, na fedha hizo ni za umma.

Hapa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, shaka hiyo husikika kwenye baraza za misikiti baada ya alasiri, kwenye mialo wakati wa kuanika dagaa, na hata kwenye vibanda umiza ambamo vijana hulipa kiingilio kuangalia mechi. Wapo wanaowakemea wenye kuuliza na kuwaita wapinga maendeleo. Wapo pia wanaoona kuwa haya ni mambo ya wanasiasa na kwamba msikiti hauhusiki nayo. Sisi tunaona makundi yote mawili yamekosea, na katika makala haya tutaeleza kwa nini, inshaallah.

Mpira si adui yetu

Kwanza tuondoe shubha moja. Hatusemi kuwa mpira wa miguu ni haramu, wala hatuwaonei haya vijana wetu wanaoucheza. Sira inatufundisha kuwa katika zama za Mtume, rehma na amani zimshukie, watu walishindana mbio na farasi, walipigana mieleka na walirusha mishale, na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina naye akiwatazama. Mwili wenye afya ni neema, na mchezo usiovunja faradhi wala usioambatana na kamari ni katika mambo yaliyoachiwa waja.

Kwa hiyo mjadala huu hauhusu mpira. Unahusu amana. Anayetumia fedha yake kununua jezi atajibu mwenyewe mbele ya Mola wake. Anayetumia fedha ya watu zaidi ya milioni 60 kujenga uwanja, basi hao wote ni wadai wake, hapa duniani na kesho akhera.

Hesabu zinasemaje?

Mwaka 2024 Serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Kichina kujenga uwanja mpya jijini Arusha, wa kuchukua watazamaji wapatao 30,000, kwa gharama ya shilingi bilioni 286 hivi. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ulisainiwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 31 wa kuukarabati Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam. Tuziache gharama nyingine zote, za viwanja vya mazoezi, ulinzi, hoteli na safari za maofisa. Tuchukue bilioni 286 za Arusha peke yake, tuziweke kwenye mizani ambayo kila mwanakijiji anaijua.

Wengi mnayakumbuka madarasa ya UVIKO. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba 15,000 vya madarasa nchi nzima, kila chumba kwa shilingi milioni 20. Kwa kipimo hicho, fedha za uwanja mmoja wa Arusha ni sawa na vyumba 14,300. Tuchukue kipimo kingine. Kituo cha afya cha kata kimekuwa kikitengewa shilingi milioni 500. Kwa kipimo hicho, uwanja huo ni sawa na vituo vya afya zaidi ya 500. Mwaka 2018 Serikali ilipoanza kujenga hospitali 67 za wilaya kwa mkupuo mmoja, kila moja ilianza na shilingi bilioni 1.5, na jumla yake ilikuwa bilioni 100.5. Hiyo ni karibu theluthi moja tu ya fedha za uwanja.

Tunakiri kuwa bei hupanda, kwamba jengo la kituo cha afya halitibu mtu bila mganga na dawa, na kwamba hesabu za miaka tofauti hazilingani sawasawa. Lakini hata tukipunguza nusu, tofauti inabaki kuwa kubwa mno kwa mtu mwenye akili kupita bila kusimama.

Wala tusiwe wenye kudhulumu katika kusema kwetu. Atakayedai kuwa Serikali haijafanya kitu mwambao huu atakuwa amesema uongo. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 60 za milima na makorongo, imewekwa lami, na aliyewahi kuipita kabla ya hapo wakati wa masika anajua ni neema ya namna gani. Bandari ya Mbamba Bay nayo imepewa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 75. Haya ni mema na tunayashukuru. Lakini shukrani hiyo ndiyo inayotufungua macho: ikiwa bandari ya kuhudumia ziwa zima upande wetu ni bilioni 75 na ziada, basi uwanja wa Arusha ni bandari tatu na zaidi kama hiyo.

Boma na uwanja

Kwa wasioishi vijijini tueleze jambo moja. Boma ni jengo lililosimama kuta bila paa. Kwa utaratibu tuliouzoea, wanakijiji huchimba msingi, husomba mawe, mchanga na maji, huchanga fedha za saruji, na kuta zikifika kwenye lenta husubiri Serikali ilete fedha za kuezeka na kumalizia. Nchini mwetu yako maboma ya madarasa, ya zahanati na ya nyumba za walimu yaliyosubiri misimu kadhaa ya mvua, hata matofali yakaanza kumomonyoka kabla ya bati la kwanza kupigiliwa.

Hebu tumfikirie mama wa mwambao huu aliyebeba ndoo ya mchanga kichwani ili zahanati ya kijiji chake isimame. Yeye aliitwa kwenye mkutano, akaelezwa, akahesabiwa siku zake za kazi, na asiyefika alitozwa faini. Lakini uwanja wa mabilioni ulipoamuliwa hakuitwa, hakuelezwa, na hakuna aliyemwambia deni lake ni kiasi gani. Asidhani mtu kuwa mama huyo halipi kodi kwa kuwa hana duka. Analipa kila anaponunua sukari, sabuni na vocha ya simu. Mumewe naye analipa kila anapotia mafuta kwenye mashine ya boti. Iweje basi aulizwe kwa ndoo ya mchanga, asiulizwe kwa mabilioni?

Na pindi upepo wa kusi unapolichafua ziwa, mjamzito aliyezidiwa usiku hawezi kupelekwa kwa mtumbwi. Atasubiri gari, kama lipo, na kama lina mafuta. Takwimu za Serikali za mwaka 2022 zinaonesha kuwa vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika takwimu za 2015/16. Alhamdulillah, hayo ni mafanikio makubwa, na yamekuja kwa sababu fedha zilipelekwa kwenye zahanati, vituo vya afya na wakunga. Huo ndio ushahidi kuwa shilingi ikielekezwa mahali pake huokoa roho. Waliobaki katika hao 104 nao wana haki ya shilingi hiyo.

Hoja za wanaotetea

Wanaotetea wana hoja, na uadilifu unatutaka tuzitaje. Wanasema wageni watakuja na fedha za kigeni, Arusha ni mlango wa utalii, vijana watapata ajira, na jina la nchi litasikika. Wanaongeza kuwa Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, nao ulisemwa vibaya ulipojengwa, na leo hakuna anayetamani usingekuwepo.

Tunajibu. Uwanja wa Mkapa umefaa kwa sababu upo katika jiji la mamilioni ya watu na ndani yake huchezwa mechi kubwa za Simba na Yanga zinazoujaza. Hata hivyo, baada ya miaka 16 tu ulihitaji mabilioni 31 ya ukarabati. Wazee walisema kujenga si kazi, kazi ni kutunza. Je, uwanja wa viti 30,000 Arusha utajazwa na nani mashindano yakishakwisha? Hilo ni swali la hesabu, na lina haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Ama wageni na fedha zao, wao hukaa mwezi mmoja. Deni hukaa miaka. Mji wa Montreal nchini Kanada uliandaa Olimpiki mwaka 1976, na ulimaliza kulipa deni la uwanja wake mwaka 2006, yaani miaka 30 baadaye. Brazil ilijenga uwanja mkubwa Manaus, katikati ya misitu ya Amazon, ukachezewa mechi nne tu za Kombe la Dunia la 2014, katika mji ambao haukuwa na timu ya ligi kuu. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2013, watu kwa mamia ya maelfu waliingia mitaani nchini humo. Kilichowatoa kwanza ni nauli ya basi, kisha wakauliza kwa nini viwanja vina viwango vya kimataifa na hospitali hazina. Karibu nasi zaidi, Kamerun ilinyang'anywa uenyeji wa mwaka 2019 kwa kuchelewesha matayarisho. Ilipoandaa hatimaye mwanzoni mwa 2022, watu wanane walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la uwanja mpya wa Olembé, tarehe 24 Januari.

Hapa Afrika Mashariki tumekwisha kuonja. Mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani, yalipangwa Februari 2025 katika nchi zetu tatu. Wiki chache kabla ya kuanza yakasogezwa hadi Agosti, kwa kuwa viwanja na miundombinu vilihitaji muda zaidi. Na kila fundi anajua kuwa kazi ya haraka huongeza bei.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Uwanja wa Talanta wa Nairobi umegharimiwa kwa hati fungani ya shilingi bilioni 44.79 za Kenya, ya miaka 15, yenye riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Na mfuko uliotajwa kuilipa ni Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambao mapato yake makubwa yanatokana na kodi za michezo ya kubahatisha. Riba, na malipo yake kutoka kwenye kamari! Kijana anayepoteza mtaji wa mama yake kwa kubeti ndiye anayeongeza matofali. Tunalitaja hili ili wenye kupanga fedha hapa kwetu wasiione njia hiyo kuwa ni ya mkato.

Funzo la Morocco

Mfano ulio wazi zaidi umetoka katika nchi ya ndugu zetu Waislamu. Tarehe 30 Agosti 2025, Morocco ilitwaa kombe la CHAN jijini Nairobi kwa kuifunga Madagascar mabao 3 kwa 2. Nchi hiyo ilikuwa inajenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwishoni mwa 2025 na Kombe la Dunia la 2030. Ungedhani vijana wake wangekuwa na furaha tupu.

Haukupita mwezi. Tarehe 27 Septemba 2025 vijana waliingia mitaani katika miji mingi, baada ya nchi kushtushwa na vifo vya akina mama kadhaa waliokwenda kujifungua katika hospitali ya umma ya Agadir. Swali lao lilikuwa moja: viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi? Baadhi ya maandamano yaligeuka kuwa vurugu, mali zikachomwa, na watu watatu wakauawa kwa risasi karibu na Agadir. Hatuungi mkono uharibifu, na damu ya raia ni nzito mbele ya Allah. Lakini tuangalie kilichofuata. Mwezi Oktoba Serikali ya huko ilitangaza kuwa bajeti ya 2026 itatenga dirham bilioni 140 kwa afya na elimu. Kumbe fedha zilipatikana! Kwa nini basi swali lisubiri mazishi ndipo lisikilizwe?

Hili ndilo tunalolihofia na ndilo tunalotaka nchi yetu iepukane nalo. Watu wakiulizwa mapema hujibu kwa maneno. Wakinyimwa nafasi ya kuuliza, hasira hujilimbikiza, na hasira haina mtendaji wa kuiandikia kumbukumbu.

Mizani ya wanazuoni

Wanazuoni wetu, akiwemo Imam Al-Ghazali na baadaye Imam Ash-Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 790 Hijria, waliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana dini, uhai, akili, kizazi au mali huharibika. La pili ni haja, ambazo zikikosekana watu hupata dhiki. La tatu ni mapambo na ukamilifu wa maisha. Kila daraja lina nafasi yake, na hakuna aliyesema mapambo ni dhambi. Lakini walikubaliana kuwa la tatu halitangulizwi mbele ya la kwanza. Na wanafiqhi wakaweka kanuni kwamba kila analolifanya kiongozi juu ya raia wake limefungwa na maslahi yao. Hana hiari ya kupendezwa kama aliyenayo mtu katika mali yake.

Kwa mizani hiyo, maji safi, mkunga, paa la darasa na dawa ya malaria ni katika dharura na haja. Uwanja wa kimataifa ni katika mapambo. Anayenunua mapazia ya hariri huku nyumba inavuja hafanyi haramu ya wazi, lakini hakuna jirani atakayemwita mwenye hekima.

Kuuliza si uasi

Wapo watakaosema: nyamazeni, viongozi wanajua zaidi. Tunakumbuka kisa mashuhuri kinachosimuliwa kuhusu Umar bin Khattab, Allah amridhie, alipoulizwa mbele ya hadhara kuhusu urefu wa nguo yake, ilhali kila mmoja alipata kipande kimoja cha kitambaa. Hakumwita muulizaji mchochezi. Alimwita mwanawe Abdullah aeleze kuwa alimpa baba yake fungu lake. Ikiwa Umar aliulizwa kwa kipande cha nguo akajibu, nani aliye mkubwa asiulizwe kwa bilioni 286?

Wala tusiambiwe kuwa fedha zikishapangwa hazigeuzwi. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifanya vivyo hivyo, na shilingi milioni 960 za sherehe zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Waliofanya hayo hawakuonekana wasaliti wa Uhuru, walisifiwa. Ikiwa sherehe ya taifa lenyewe inaweza kungojea bweni la mtoto mlemavu, basi sherehe ya soka haina utakatifu unaoizidi.

Tufanye nini?

Ndugu zetu, kulalamika barazani kisha kwenda kulala hakutoshi. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kwa utaratibu wa serikali za mitaa unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa humo. Anayekosa mkutano wa kijiji kisha akaihukumu bajeti ya taifa ameruka ngazi.

Pili, tumuulize diwani na mbunge, kwa adabu na kwa maandishi: maboma ya kata yetu ni mangapi, yamesubiri tangu lini, na yametengewa nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo katika mikono ya taasisi za umma.

Tatu, tufuatilie ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inayowasilishwa bungeni kila mwaka. Vijana wetu waliosoma waisome, na waeleze misikitini kwa lugha nyepesi yanayohusu viwanja, afya na elimu. Tuulize hasa matatu: uwanja umegharimu kiasi gani mpaka kukamilika, nani atautunza, na utaingiza nini kwa mwaka mashindano yakishapita.

Nne, tuwe waadilifu kwa nafsi zetu. Kamati ya msikiti inayochangisha marumaru na taa za kuning'inia huku watoto wa madrasa wanasoma juani haina uso wa kuikosoa Serikali. Mizani ni ile ile, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Fainali zikija, vijana watashangilia na hatutawazuia kuitakia heri timu ya nchi yao. Lakini siku mpira utakapotua wavuni, mama wa ndoo ya mchanga awe tayari ameliona bati juu ya zahanati yake. Hilo likitangulia, mengine tutazungumza kwa moyo mweupe.

Tunamuomba Allah awape viongozi wetu macho ya kuona dhiki za walio mbali na miji mikuu, atupe sisi ulimi wa kusema haki bila matusi na bila hofu, na aijaalie nchi yetu kuwa ya amani na uadilifu. Amin.

Wallahu a'lam.